Ng'ombe wa Wifi Nyanjige

Mume wangu Joakim alifunga stoo ya pamba kwa nje, akaenda mnadani. Nikabaki ndani nikisikia kufuli likigongagonga ubao. Pamba ilikuwa imejaa hadi karibu na bati, vumbi lake likiniwasha koo. Kosa langu siku hiyo lilikuwa kucheka na muuza samaki wa Lamadi.

Nilishawahi kukimbilia kwetu Dutwa, na si mara moja. Kila mara baba alinirudisha Sapiwi mwenyewe, nyuma ya baiskeli yake. "Lukresia, ng'ombe wako wameshatoka," aliniambia. "Nikivunja hii ndoa, nawatoa wapi?" Mahari yangu haikukaa zizini kwetu hata wiki. Ng'ombe walipelekwa Lalago, kaka yangu Ngusa akamwoa Nyanjige. Ndivyo tunavyofanya: binti akitoka, kijana anaoa. Baba hakufikiria kwamba ameniziba njia ya kurudi.

Basi nikamchukia Nyanjige. Baba nilimwogopa, Ngusa nilimpenda, chuki yote ikamwangukia yeye. Nikienda kwetu sikupokea hata maji mkononi mwake. Mle stooni nilimwomba Mungu anifungulie, na katika sala hiyohiyo nikaomba Nyanjige aachwe, ng'ombe warudi. Sijui Mungu alilichukuliaje ombi la namna hiyo.

Jioni kufuli lilipofunguliwa, nilijikunyata nikingoja kipigo. Kumbe ni baba. Nyuma yake, uani, ng'ombe walikuwa wakinywa maji yangu ya kuoshea vyombo, Joakim akiwazunguka mmojammoja akitafuta kasoro. Nyanjige alisimama kando na fimbo yake, vumbi hadi magotini, mimba imeshachomoza.

Siku chache kabla, alikuwa ameenda Lalago kwa baba yake, akamwambia, "Nipe ng'ombe walionioa nikamkomboe wifi, ama nirudi mimi, nizeekee hapa." Mzee alitukana mchana kutwa, kisha akafungua zizi.

"Sasa wewe utakaa kwa Ngusa kama nani?" nilimuuliza njiani, Sapiwi imebaki nyuma yetu.

"Nitakaa tu, wifi. Chakula kilikuwa hakipiti, nikijua nimeolewa kwa mgongo wako."

Nililia hadi Dutwa. Yeye alitembea mbele, akiimba kidogo.

Siku hizi nina genge la mboga Bariadi mjini, na kanisani huniita nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyonitoa stooni. Nasimulia vizuri tu. Nikifika kwenye lile ombi langu, nalipita haraka, maana aliyetumwa kunifungulia ndiye niliyemwombea mabaya.

Kijijini bado wanamcheka Nyanjige, wanamwita mke wa bure. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini nikikutana naye, hata sokoni katikati ya watu, napiga goti kama mbele ya mkubwa wangu, namwamkia Kisukuma.

"Mwadila, wifi."

Anaona aibu, ananivuta mkono. "Inuka bwana, unachafua kitenge."