Kukaa Ndiyo Kazi

Geuza, bana, kanyaga. Geuza, bana, kanyaga. Kola ilipita chini ya sindano, ikatokea upande wa pili imeshonwa, ikadondoka kikapuni, na nyingine ikashika nafasi yake kabla sindano haijapoa.

Mwanamke aliyezishona kola hizo aliitwa Kola na kiwanda kizima. Jina lake halisi lilibaki getini, kwenye kadi. Hata wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshona mikono ya mashati kwenye cherehani ya pembeni, alimwita Kola mpaka nyumbani. Wifi mwenyewe aliitwa Mikono. Mbele yao, kwenye mashine ya vifungo, alikuwepo mama mtu mzima waliyemwita Bibi Vifungo, mwenye goti moja bovu na ulimi mzima.

Cherehani zao zilikuwa za umeme. Hazikutaka nguvu za mguu, zilitaka kidole gumba cha mguu kiguse pedeli, basi. Mikono nayo ilicheza mbele ya kifua, mahali padogo pasipozidi upana wa sahani. Mwili uliobaki ulikaa. Ulikaa tangu asubuhi mpaka jua lilipojificha nyuma ya ghala. Ndiyo maana wanawake wa mstari ule, mtu akiwauliza wanakaa wapi, hutaniana kwa kumjibu: “Kitini.”

Asubuhi hiyo Kola alikuwa amekwisha kuomba kibao mara ya pili, na muda wa chai ulikuwa bado. Kibao ni kipande cha mbao kilichoandikwa CHOO kwa rangi nyekundu, kimoja kwa mstari mzima. Mwanamke akionekana amesimama bila kibao mkononi, anaandikwa kwenye daftari la makosa. Kilitunzwa na msimamizi wao, mwanamume mwembamba waliyemwita Kengele, kwa sababu sauti yake iliitangulia kengele yenyewe.

Kola hakuwa na haja. Alizunguka nyuma ya meza za wakataji, akapita ghalani, akapanda ngazi za ofisi na kuzishuka bila kubisha mlango wa mtu, ndipo akafika chooni, akanawa uso, akarudi kwa njia ile ile ndefu. Alitembea kama mtu anayefukuzia gari. Kengele alikuwa anamsubiri kando ya kiti cha Kola.

“Kibofu chako kimetoboka, mama?” aliuliza, na mstari mzima ukasikia.

“Kimezeeka,” Kola alijibu, akarudisha kibao, akakaa.

Mikono, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, alisema chinichini kwamba kaka yake angejua kuwa ameoa mtalii, angedai mahari yake irudishwe.

Utalii huo ulianzia zahanati. Kola hakwenda kule kwa kuugua, alikwenda kwa woga. Dada yake mkubwa alikuwa ameshona kola katika kiwanda hicho hicho, juu ya kiti hicho hicho, mpaka ubao wa kiti ukabonyea kwa umbo lake. Sasa alikuwa nyumbani na mguu mmoja. Ule mwingine ulikatwa kwa sababu ya kidonda kilichoanza kikiwa kidogo kama punje ya mchele, nacho kikakataa kupona kwa sababu ya sukari. Mama yao naye alikufa kwa sukari. Kola alijiona yumo kwenye foleni.

Muuguzi, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alimpima kisha akamwuliza anafanya kazi gani.

“Nakaa,” Kola alisema.

Muuguzi alidhani hana kazi. Ikabidi amfafanulie kwamba kukaa ndiyo kazi yenyewe, na kwamba akisimama anaandikwa. Muuguzi hakucheka. Alimwambia sukari yake imepanda lakini haijawa ugonjwa.

“Hujaingia. Umesimama mlangoni. Ukitembea, unaweza kurudi. Ukikaa, utaingia.”

Alimwagiza atembee kwa haraka kila siku, kama nusu saa hivi, apunguze vya sukari, na asikae kitini muda mrefu bila kuinuka. Akamweleza kwamba misuli ya miguu ndiyo mlaji mkubwa wa sukari mwilini, na kwamba misuli iliyolala haili. Dawa hiyo haiuzwi dukani, alisema, na Kola akarudi nyumbani akiwaza ataipatia wapi. Alfajiri alitoka gizani. Jioni aliporudi palikuwa na kupika, kufua, kumwogesha dada, na nje giza jingine, katika mitaa ambayo mwanamke hatembei peke yake kwa kujifurahisha. Saa moja tu katika siku nzima ilikuwa yake, nayo ni mapumziko ya mchana. Mahali pamoja tu palitosha, napo ni uwanja wa nyuma wa kiwanda, wa saruji tupu, uliozungushiwa ukuta na wenye lango la chuma upande wa karakana.

Alianza peke yake. Walimcheka, wakamwuliza amepoteza nini. Siku chache baadaye Mikono akajiunga, akidai anamlinda mke wa kaka yake asiibwe. Kisha mmoja, kisha mwingine, hatimaye karibu mstari mzima. Bibi Vifungo alishika ukuta na kwenda nusu ya mzunguko, halafu akakaa kwenye ngazi na kuwahimiza wenzake. “Mtembezi bure si sawa na mkaa bure,” alikuwa akiwaambia. “Mimi mkaa bure nimevuna hili goti.” Walianza kulala vizuri. Mmoja aliacha kulalamikia mgongo. Kola aliporudi zahanati, muuguzi alitazama kipimo mara mbili, akamwambia amerudi nyuma ya kizingiti.

Ndipo Kengele akatundika kufuli kwenye lango la uwanja.

Sababu aliyotoa ni jasho. Mashati yalikuwa meupe, na kola moja ilirudishwa na doa. Wiki hiyo hiyo likaletwa toroli. Zamani kila mshonaji aliinuka kwenda kuchukua fungu lake la vitambaa mezani kwa wakataji, na safari hizo fupi ziliwanyoosha miguu. Sasa toroli lilipita na kumwachia kila mtu fungu lake mapajani. Meneja alisema kina mama wameletewa toroli ili warahisishiwe kazi.

Kola alimwendea Kengele kuuombea uwanja. Kengele alimjibu kwamba mazoezi ni ya watu wasio na kazi, na kwamba pedeli anayokanyaga kutwa ni mazoezi tosha.

“Basi kidole gumba changu kitaishi milele,” Mikono alisema aliposimuliwa.

Alimwendea meneja pia. Meneja alimkaribisha vizuri, akamwuliza habari za nyumbani, akaahidi kulitazama suala lile. Kufuli likabaki. Na safari ya mwisho zahanati, muuguzi hakusema habari ya kizingiti. Alianza kuzungumza juu ya vidonge, akamwambia arudi mwisho wa mwezi wapime tena, waamue.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Kwa hiyo Kola aliomba kibao.

*

Mchana wa siku hiyo kufuli lilifunguliwa, lakini si kwa ajili ya kutembea. Ilikuwa Siku ya Afya kiwandani. Turubai la kivuli lilifungwa juu ya uwanja, viti vya plastiki vikapangwa, na ukutani kikatundikwa kitambaa chenye maandishi makubwa: MWANAMKE MWENYE AFYA, KIWANDA CHENYE NGUVU. Bibi Vifungo alikisoma, akauliza kama kuna atakayeeleza nguvu hizo huwa zinakwenda kwa nani.

Waliambiwa wakae. Walikaa. Mgeni rasmi, mama mmoja nadhifu kutoka ofisi ya afya, aliwahutubia kwa moyo wote. Aliwaambia kwamba magonjwa ya sukari, moyo na shinikizo la damu hayaji usiku mmoja, kwamba mengi yanaweza kuzuiwa, na kwamba kina mama wana desturi ya kuwatunza wote na kujisahau wenyewe. Akauliza ni nani kati yao anayefanya mazoezi. Haukuinuka mkono. Mgeni akatikisa kichwa kwa huzuni, na meneja, aliyekaa karibu naye, akatikisa cha kwake kwa huzuni ile ile.

Kola akasimama. Alisimama bila kibao, na Kengele aliyekuwa pembeni akamtolea macho.

“Tunashukuru kwa mafunzo,” alisema. “Naomba kuuliza. Tutembee saa ngapi, na wapi?”

“Popote ulipo, mama,” mgeni alisema. “Usingoje uwanja wa michezo. Hapa hapa panatosha. Hata leo hii, usiseme kesho.”

Meneja alipiga makofi. Mpiga picha akaomba kina mama watembee kidogo wapigwe picha, nao wakainuka, wakazunguka uwanja mara moja, mgeni na meneja wakiwa mbele, mikono ya meneja ikipepea kama ya askari kwenye gwaride. Mpiga picha akasema zimetosha. Mgeni alikuwa na mkutano mwingine. Aliwaaga kwa kuwashika mikono, akaingia garini, na geti kuu likafungwa nyuma yake. Meneja akapanda ofisini.

Mapumziko yalikuwa bado hayajaisha.

“Haya, sherehe imekwisha,” Kengele alisema. Kufuli lilikuwa mkononi. “Ingieni ndani mkae, msubiri kengele.”

Wanawake wakaanza kuelekea langoni. Kola akageuka upande wa pili, akaanza mzunguko mwingine.

“We mama! Nani kakuruhusu?”

“Mgeni rasmi. Meneja kapiga makofi, na wewe ulikuwepo.”

“Mgeni ameondoka.”

“Sukari yangu hajaondoka nayo.”

Kuna aliyecheka langoni, akajizuia. Kengele alimfuata Kola mpaka katikati ya uwanja, akashusha sauti, na sasa alizungumza kwa upole, jambo lililotisha zaidi. Mwezi unaisha, alimwambia. Mikataba yao ni ya mwezi kwa mwezi, na hakuna anayelazimika kueleza kwa nini mmoja haukuandikwa upya. Nje ya geti kuna wanawake wengi wanaojua kushona kola. Afikirie.

Kola alisimama akafikiri kweli. Alifikiria chumba chao na watoto. Alifikiria mume wake, ambaye kazi zake zilikuwa za leo ipo, kesho haipo. Halafu akamfikiria dada alivyomwacha alfajiri, amekaa ukingoni mwa kitanda, akisubiri mtu amsogezee ndoo. Dada hakuwahi kuandikwa hata siku moja. Alikaa kila alipoambiwa akae.

“Kazi ukininyima nitahangaika nitafute nyingine,” alisema. “Mguu nitautafuta wapi?”

Akaendelea kutembea.

Kwa muda alikuwa peke yake. Alizisikia ndala zake zikipiga saruji, akayaona macho ya wenzake yakimfuata kisha yakienda kwa Kengele. Hakuwalaumu. Kila mmoja alikuwa na chumba chake na watoto wake. Alipokata kona ya mbali alisikia ndala nyingine nyuma yake.

“Usinishukuru,” Mikono alisema, akihema. “Ukianguka humu, kaka ataniuliza nilikuwa wapi.”

Wakapita wawili mbele ya lango. Mshonaji wa mifuko akatoka ndani ya kundi, akajiunga. Akafuata yule aliyewahi kulalamikia mgongo. Kisha wakatoka wengi kwa pamoja, na pengo lililobaki langoni likawa kubwa kuliko kundi lenyewe.

Kengele alirudi langoni akikaribia kukimbia. Alitangaza kwamba anafunga. Anayetaka kazi avuke upande wa ndani sasa hivi. Atakayebaki uwanjani, kengele itamkuta nje na atahesabiwa mtoro. Akashika komeo la lango, akaanza kulivuta, na chuma kikalia juu ya saruji. Mzunguko ulipungua mwendo. Mmoja au wawili walitazama lango, wakatazamana.

Lango lilikwama kwenye mguu wa kiti cha plastiki. Bibi Vifungo alikuwa amekiburuta kutoka chini ya turubai, akakiweka katikati ya kizingiti, akaketi juu yake na kupanga vizuri gauni lake magotini.

“Bibi, ondoka hapo.”

“Niondoke niende wapi?”

“Ondoka, nafunga lango.”

“Umesema tukae,” Bibi Vifungo alisema. “Nimekaa.”

“Sikusema ukae hapo!”

“Mwanangu, tangu umekuja hapa hujawahi kuniambia neno jingine. Kaa, bibi. Kaa, bibi. Leo nimekutii mpaka basi. Goti hili haliwezi kuzunguka na wenzangu, lakini kukaa nimefundishwa.” Akawapungia wale wa uwanjani. “Tembeeni, nyie! Mimi nipo kazini.”

Kengele aliliachia lango. Alitazama juu, dirisha la ofisi. Meneja alikuwepo pale, pazia mkononi. Walitazamana kitambo. Kisha pazia likashuka, na hapakuwa na mtu.

Kesho ingekuja na yake, na mwisho wa mwezi na wake, zahanati na kiwandani. Kola alilijua hilo vizuri, na kwa kuwa alilijua akaongeza mwendo. Mashavu yalikuwa yamemshika moto, na jasho, lile lile la kuharibu kola za watu, lilimtiririka mgongoni. Walikata kona kwa pamoja. Wakapita chini ya kitambaa chenye maandishi, wakapita mbele ya Bibi Vifungo aliyekuwa akiwapigia makofi ya hatua. Mikono aliuliza kwa sauti kubwa, ili anayehusika asikie, kazi ya msimamizi hasa ni nini.

“Jina la kazi yake si linasema?” akajibiwa kutoka nyuma.

Wakacheka, wakapita. Uwanja mzima ulikuwa unatembea, isipokuwa bibi mmoja aliyekaa langoni na mwanamume mmoja pembeni yake, kufuli mkononi, amesimama.