Kamati ya Mguu

Ko. Ko. Ko.

Jogoo wa Nyasura alikuwa hajawika bado, na mchi wa kinu ulikuwa tayari unagonga sakafu. Consolata alikuwa akiutumia kama fimbo, chumbani hadi jikoni, kwenda kuwasha moto. Mchi ni mzito kwa fimbo, lakini aliuamini. Ulikuwa umemtwangia mtama miaka arobaini na haujamsengenya kwa mtu.

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu akanyage shimo la kwato za ng'ombe shambani kwake kwenye pamba. Mguu wa kulia ulipinda kwa ndani, akasikia kitu kikilia *ka!* kama kijiti cha kuwashia moto. Gody, mtoto wa kaka yake, alimbeba kwa pikipiki hadi kwenye zahanati moja ya mtu binafsi pale Bunda mjini. Njia nzima aliendesha polepole, hata mbuzi wakawapita. Consolata hakuusahau wema huo.

Wakapiga picha ya eksirei. Karatasi iliandikwa kwamba kifundo hakijavunjika, kimeteguka tu. Akapewa bandeji na vidonge, akaambiwa apumzike.

Mambo yangeishia hapo, ila mwanawe Felisian, anayekaa Iringo kule Musoma, alipata habari.

Felisian ni mtoto mwema. Ila amekaa ofisini miaka mingi, na mtu wa ofisini akimwona mbuzi amejinyonga kwenye kamba, hamfungui, anaitisha kikao. Jioni ileile aliunda kundi la simu lenye watu thelathini na wanne, akaliita Kamati ya Mguu wa Mama. Mwenyekiti akawa yeye. Katibu akawa Gody, kwa sababu ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Gody alifanya kazi yake kwa moyo. Aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, na kwenye kona yake akaweka kibandiko kikubwa: KAMATI YA MGUU, PICHA NAMBA MOJA. Kisha akaipiga picha kwa simu na kuituma kwa wajumbe.

Wajumbe waliisoma. Mmoja aliyeko Dodoma alisema anaona uvimbe wenye maua. Lilikuwa pazia la Consolata. Mwingine aliisoma juu chini siku mbili, akaandika kwamba mama ana mguu wa kushoto wenye matatizo. Mzee wa kanisa alipokuja kuomba, alifungua jicho moja katikati ya maombi, akaitazama picha, akasema, "Hapa naona mishipa imesinyaa." Wageni wote walikwenda kwanza dirishani, ndipo wakageuka kumsalimia mwenye mguu.

"Shikamoo mama. Mguu tumeuona."

"Marahaba. Mimi je, mmeniona?"

Walicheka, wakanywa chai, wakaondoka. Kilichomuuma Consolata zaidi ya mguu ni hapo walipoondoka. Hakuweza kuwasindikiza. Tangu aolewe, hakuna mgeni aliyetoka kwake bila kufikishwa barabarani. Sasa aliwaaga kutoka kwenye kiti, kama mtu anayewafukuza.

Wiki ya tano kamati ikatoa uamuzi. Gody alikuja kuusoma, amesimama, kofia mkononi.

"Shangazi, kamati inasema hivi. Kwa kuwa picha inaonyesha mfupa ni mzima, na kwa kuwa wewe hutembei, basi mguu hauna ugonjwa. Ugonjwa ni uzee."

"Uzee upo mguu mmoja tu?"

Gody alitazama karatasi yake. "Jumamosi Felisian anakuja kukuchukua uhamie Iringo moja kwa moja. Nyumba itapangishwa. Mbuzi watauzwa."

Consolata aliutazama mwembe mdogo aliouotesha kando ya kaburi la mume wake, akauliza kama Gody amekula. Hakuwa amekula. Akampakulia.

Jumamosi gari la Felisian lilikuja. Magodoro yakafungwa juu, picha ikabanduliwa dirishani ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, na Consolata akaketi nyuma na mchi wake magotini.

"Mama, mchi tungeuacha," Felisian alisema.

"Basi uniache na mimi."

Mchi ukaenda.

Walipofika Makutano, Consolata alisema, "Kata kwenda Butiama. Nikamuage shemeji yangu Silasi. Siwezi kuhama mkoa wa watu kimyakimya."

"Mama, Iringo na Nyasura ni mkoa mmoja."

"Kata."

Silasi ni mzee anayejulikana kwa kuchua viungo vilivyoteguka. Ana kibuyu cha samli na vidole vigumu. Kamati haikuwahi kumuuliza kitu kwa sababu hana cheti. Alimwona Consolata akishuka na mchi, akakunja mdomo.

"Wewe kumbe umekuwa mwizi wa vinu, shemeji?"

"Nimeiba changu. Chua huu mguu nikahame vizuri."

Akamkalisha kwenye kigoda. Akaushika mguu. Alianza na kifundo, akakizungusha taratibu. Consolata alikunja uso kidogo. Kisha vidole vikashuka pembeni ya wayo, upande wa nje, nusu ya njia kwenda kidole kidogo. Hapo Consolata akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Silasi aliifunika samli yake.

"Mimi hapa sivuti. Kilichoteguka nakivutaga, lakini huku chini kuna mfupa unalia. Nikivuta nitakuharibu." Akamgeukia Felisian. "Baba, ni nani mwingine aliyemshika hapa?"

Felisian alifikiri. Watu thelathini na wanne aliwapitia mmoja mmoja kichwani. "Picha tumeiangalia sana, mzee," alisema hatimaye.

"Sijauliza picha."

Silasi akachukua kipande cha mkaa jikoni, akachora msalaba mdogo mahali pale penye maumivu. "Mpelekeni kwa wapiga picha. Wakiuliza, waambieni wapige hapa."

Njiani Felisian alisema jambo hilo itabidi lirudi kwenye kamati. Consolata hakubishana. Walipofika Iringo na mkwewe akatoka kuwapokea kwa vigelegele, Consolata alimsalimia vizuri kupitia dirishani, akamshukuru kwa uji aliomwandalia, ila hakushuka garini. Akaukumbatia mchi.

"Mama, shuka basi."

"Nitashuka kwa mpiga picha. Kama hakuna, nitalala humu. Kiti ni laini."

Saa moja ilipita. Majirani wakaanza kujipanga kumsalimia mama aliye garini. Felisian akawasha gari.

Mpiga picha wa hospitali aliitwa Tabitha. Kabla ya kumgusa Consolata aliisugua mikono yake ipate joto. Bibi aliliona hilo, akajua amefika mahali pazuri.

"Bibi, unaumia wapi?"

Consolata aliunyoosha mguu. Wiki tano, na hilo swali lilikuwa halijaulizwa bado, isipokuwa na vidole vya Silasi. "Hapo penye mkaa, mjukuu wangu."

"Mkaa kauweka nani?"

"Shemeji yangu. Hana cheti."

Tabitha alibonyeza pale, kidogo tu, akaona machozi. Akaomba picha ya zamani. Felisian akaitoa kwa fahari kwenye bahasha. Tabitha akaiweka kwenye mwanga, akakitazama kifundo, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaona kibandiko.

"Hii ni nini?"

"Ni kumbukumbu za kamati," Felisian alisema.

Tabitha akakibandua kwa ukucha, polepole, kutoka kona moja. Chini yake ulikuwepo mfupa wa nje wa wayo, na kwenye mfupa ule mstari mwembamba mweusi, kama ufa wa chungu.

"Waliosoma mwanzo waliangalia kifundo tu, kwa sababu ndicho kilichovimba," alisema kwa upole. "Hutokea sana. Mguu ukipinda, kifundo kinapiga kelele, na huyu mfupa wa pembeni anavunjika kimya. Nyie mngemwona huyu, ila mmemfunika."

Akapiga picha nyingine, ya wayo safari hii, na daktari akathibitisha. Consolata akafungwa hogo, ile plasta ngumu nyeupe, wiki sita. Felisian alisimama koridoni, simu mkononi, akaandika kwenye kundi, akafuta, akaandika tena. Mwishowe alituma maneno mawili: *Tulikosea. Poleni.* Hakuna aliyejibu. Kamati ilikuwa na wasomaji wengi wa picha, msomaji wa kosa hakupatikana.

Wiki sita zile Consolata alikaa Iringo, na mkwewe alimchemshia maji kila asubuhi bila kuombwa. Gody aliwalisha mbuzi, hakuna aliyeuzwa. Kisha Felisian akamrudisha Nyasura, akaubeba mchi mwenyewe mpaka jikoni, akauweka kwenye kinu.

Felisian alipoaga, Consolata alisimama. Alitembea naye taratibu, akichechemea kidogo, wakapita mwembe, wakapita kaburi, mpaka ukingo wa barabara ya lami. Hakushika kitu ila mkono wa mwanawe, na hata huo aliuachia walipofika.

"Nimekusindikiza," alisema.

"Nimeona, mama."

"Basi uje tena Jumapili ijayo. Simu uiache kwa mkeo, uje na mikono."