Maneno Mia kwa Kila Mtathmini

Mimi ndiye niliyekitengeneza kile kijitabu. Kurasa kumi na mbili, jalada la kijani, picha ya jengo letu la matofali mbele na wasifu wa watathmini watatu ndani. Nakiri mapema, usije ukadhani nasimulia makosa ya watu wengine.

Nimekuwa katibu muhtasi wa Kitivo cha Elimu kwa miaka ishirini na sita. Chuo chetu kiko magharibi mwa jimbo la Nebraska, kando ya reli, na karibu kila mwalimu wa shule ndogo kutoka hapa hadi mpaka wa Wyoming amepitia mikononi mwetu. Wakuu wa kitivo wamekuja na kuondoka, sita sasa. Mimi na mashine ya kahawa tumebaki. Kila baada ya miaka saba wanakuja wageni watatu kututathmini. Wanakaa siku mbili, wanakula, wanaandika ripoti, nasi tunaitia kabatini. Safari hii naibu mkuu wa chuo alisema bila kumung'unya maneno kwamba wanafunzi wamepungua, na ripoti ndiyo itakayoamua kama kitivo kibaki au kifungwe.

Majina ya watathmini tunapendekeza wenyewe. Tunapeleka sita, naibu mkuu anachagua matatu. Verna Kucera, anayesimamia mazoezi ya kufundisha, alikuwa na jina moja moyoni: bwana mmoja wa Kansas aliyefundisha shule ya vyumba viwili kwa miaka kumi na tisa kabla ya kusomea shahada ya uzamivu.

"Huyo anajua maana ya mwalimu mmoja kubeba madarasa matatu," Verna alimwambia mkuu wetu wa kitivo, Dk. Thiessen. Mimi nilikuwa pale nikiandika muhtasari.

"Wasifu wake una kurasa nne, Verna. Nne! Nitauweka wapi uso wangu?"

"Ni kurasa nne za kazi."

"Naibu mkuu ataona hatujuani na watu. Tunataka majina mazito."

Akayapata. Wa kwanza alikuwa mchumi, kurasa thelathini na nane. Wa pili mtaalamu wa takwimu za mitihani, kurasa thelathini kasoro moja. Wa tatu, mwenyekiti wa jopo, Dk. Whitcomb Sayle, alianzia kwenye sheria akahamia uongozi wa vyuo, kurasa arobaini na tatu. Nilitafuta mahali palipoandikwa kwamba yeyote kati yao amewahi kumfungia mtoto wa darasa la kwanza kamba za viatu. Sikupaona. Nikanyamaza, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu nimezoea kunyamaza.

Kazi yangu ilikuwa kupunguza. Kijitabu kinampa kila mtathmini maneno mia, hata moja halizidi, na utaratibu wake nimeurithi kwa waliokuwepo kabla yangu: bakiza shahada, vitabu na tuzo, toa kamati, kazi za ushauri na tathmini alizofanya kwingine, maana kila profesa ana orodha ndefu ya hayo. Nikakata. Mkono wangu ni mwepesi, nilimaliza wote watatu kabla ya chakula cha mchana na nikajisifu.

Baada ya kijitabu kusambazwa kuna siku kumi za pingamizi. Mwalimu yeyote wa kitivo anaweza kumkataa mtathmini, mradi aandike sababu. Siku ya nane Verna akasimama mbele ya meza yangu, theluji ya Machi bado iko kwenye viatu.

"Marlys, wewe umesoma wasifu mzima mzima. Mimi nimeletewa huu uliokondeshwa. Kuna wa kumkataa hapa?"

"Hawa? Hawa wamesoma mpaka basi. Wewe andaa chakula tu."

"Sitanii, mwenzangu."

"Hata mimi. Wako safi."

Nilisema hivyo macho yakiwa kwenye kompyuta. Nilikuwa napanga viti vya mahafali.

Kawaida mgeni akija, huwa nampigia katibu mwenzangu wa huko alikotoka. Makatibu tunaambiana yasiyoandikwa: huyu hali nyama, huyu anachelewa, huyu asikae karibu na yule. Mwaka huo sikupiga. Sina sababu ya maana, nilichoka tu.

Walikuja baada ya Pasaka. Siku ya kwanza tuliwapa chakula wanachokula watoto wa shule huku kote, supu nzito ya nyama, maharage na pilipili, pamoja na mkate wa mdalasini. Dk. Sayle aliutazama ule mkate mtamu.

"Huu ni wa baada ya chakula?"

"Hapana, Dokta, unachovya," Verna akamwambia.

"Kwenye pilipili?"

"Chovya uone. Ukikataa, watoto wa kaunti nne watakucheka."

Akatabasamu vizuri sana, akausogeza pembeni. Kisha akamuuliza Verna kwa nini wanafunzi wake arobaini na mmoja wasisomee ualimu kwa mtandao. Verna akajibu kwamba huo mtandao haufiki kwenye nusu ya nyumba zao. Dk. Sayle akaandika kitu.

Asubuhi ya pili aliniambia kahawa yetu inamuumiza tumbo. Nikaona aibu, nikafungua wasifu wake mzima nitafute alikowahi kwenda, nimuulize katibu mwenzangu wa huko walimnywesha nini. Ukurasa wa kumi na tisa: vitivo vya elimu alivyotathmini. Vitano.

Nikapiga namba ya kitivo cha kwanza.

"Shule ya Uuguzi, habari ya asubuhi."

"Samahani, natafuta Kitivo cha Elimu."

"Hakipo, mama. Kilifungwa mwaka juzi."

Ya pili ilikuwa imekatwa. Ya tatu alipokea mwanamume wa ghala la vifaa, hakujua nazungumzia nini. Ya nne, mwanamke.

"Dk. Sayle? Kaja kwenu?"

"Yuko ukumbini sasa hivi."

"Lo! Pole, shoga. Mna maboksi?"

"Maboksi ya nini?"

"Ya kuhamia. Mimi walinileta huku kwa msajili. Mtu mstaarabu, lakini, utampenda. Alinitumia mpaka kadi ya shukrani."

Ya tano sikupiga. Nilikwenda kwa Dk. Thiessen nikiwa nimeshika zile karatasi.

"Siku za pingamizi zimeshapita, Marlys."

"Lakini imeandikwa hapa!"

"Basi mbona haikuwemo kwenye kijitabu?"

Hasira ikanipanda. "Wewe uliyemtaka, ulizisoma kurasa zote arobaini na tatu?"

"Nilizihesabu," akasema, na angalau hapo alisema kweli.

Ripoti ilifika Mei. Ilitusifu kurasa sita nzima, ya saba ikapendekeza tufungwe, na naibu mkuu akakubali siku hiyo hiyo. Verna alikuja ofisini kwangu akakaa kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho hakuwahi kukikalia kabla ya hapo.

"Thiessen kaniambia ulipiga simu."

"Nilichelewa."

"Ilikuwa imeandikwa?"

"Ukurasa wa kumi na tisa. Nimeitoa mimi, Verna. Siku uliyokuja kuniuliza, nilikuwa nimeshaitoa."

Alitikisa kichwa polepole. "Nimeziahidi shule kumi na moja walimu. Nyingine zina mwalimu mmoja, na anastaafu." Halafu akaniuliza, "Na kwenye nafasi hiyo ukaweka nini?"

Ningeweza kusema vitabu na tuzo. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa uvivu, sikuweza kumdanganya tena kwa woga.

"Kwamba anafuga nyuki," nikasema. "Na ana mbwa wawili. Nilidhani mtapenda."

Hakunifokea. Heri angenifokea. Aliivuta simu yangu, akavaa miwani, akaanza kuwapigia wakuu wa shule mmoja baada ya mwingine, akianza na mji mdogo kuliko yote. Nikakaa pale pale nikimsikia akiwaambia, mara kumi na moja, kwamba hakuna wa kulaumiwa.