Mguu wa Kushoto wa Mama

Kila jioni, jua likishukia mashamba ya mpunga, kaka yangu Heri alimmiminia mama maji ya kutawadha. Mama alikaa kwenye kigoda, akanawa uso na mikono, akapaka maji kichwani, kisha akanyoosha miguu. Jioni moja ya mwaka 1959 alikuwa amemaliza mguu wa kulia tu, pikipiki ya Padri Gaston ikaingia uani kwetu, hapo Kasongo.

Heri alilificha birika nyuma ya kinu.

Nilimwona. Mama naye alimwona. Alibaki amekaa, mguu mmoja umelowa, wa pili una vumbi la shamba.

Kwenye kolegi ya mapadri Heri aliitwa Antoine. Alikuwa amebatizwa ili apate kusoma, na mama alikubali. "Wakikuita Antoine, itika," alimwambia. "Ukirudi hapa, wewe ni Heri." Mimi pia, kwa Masista, nilikuwa Léocadie.

"Antoine!" Padri alisema, hata hajashuka vizuri. "Lovanium wamekukubali. Utasoma sheria! Kesho nawajibu."

Mama aligeuka. "Hiyo Lovanium iko mutaa gani ya Élisabethville, Mompere?"

Padri akacheka. "Hapana, mama, iko Léopoldville. Ni chuo chetu. Cha Élisabethville ni cha Serikali."

"Mbona mutoto ameniambia Élisabethville? Shemeji yangu kule amekwisha kumutengenezea chumba. Soko zima linajua!"

Kicheko cha Padri kilikatika. "Antoine, mimi nilipokuuliza juu ya Lovanium, ulinijibu nini?"

"Ndiyo, Mompere."

"Na mama yako alipokuuliza juu ya Élisabethville?"

"Ndiyo."

"Ehe, tazameni wakili!" mama akasema. "Hajaanza kusoma, anatetea pande zote mbili."

Hakuna aliyecheka. Heri alitazama chini. Padri huyu ndiye aliyemfundisha Kilatini, ndiye aliyekaa naye alipougua homa kule kolegi. Nilijua kwa nini alishindwa kumkatalia. Mimi mwenyewe uso uliniwaka. Msalaba wangu mdogo ulikuwa chini ya blauzi, na mama hakuwahi kuuona.

Padri aliona kigoda, akaona udongo uliolowa, akaona mguu wa mama.

"Nimewakatiza sala," alisema polepole. "Nisamehe, mama. Antoine, utaniletea jibu kesho." Akaanza kugeuza pikipiki yake.

Nafikiri kama angekasirika, Heri angenyamaza. Lakini alipomwona mzee yule anajiondokea kwa adabu vile, alikwenda nyuma ya kinu, akalitoa birika. Akapiga magoti. Maji mengine yakamwagika kwenye suruali yake ya kolegi.

"Ngoja, Mompere," alisema, huku akiumiminia mguu wa kushoto. Mama aliusugua bila kuinua macho. "Umenitendea wema mwingi, ndiyo maana niliogopa. Wenzangu wote wa kolegi wanakwenda Lovanium, na mbele yao nitakuwa Antoine tu. Nitaendelea kuficha birika la mama yangu. Naona haya kwa ajili yake, halafu naona haya kwa sababu nimeona haya. Nimechoka. Nataka kusoma sheria nikiitwa Heri. Nataka Élisabethville."