Nyuki wa Septemba

Kaka yangu Projestus anaishi Bukoba mjini, na kama Wahaya wengi, anakuja nyumbani Kagoma kila Krismasi. Kila akija anasimama kibanjani, kwenye shamba letu la kahawa, chini ya mti wenye tundu la nyuki, anasikiliza kidogo, kisha anatoa hukumu: nyuki wa porini wamekwisha.

Mwaka jana nilichoka. "Unakuja wakati wa mvua, nyuki wamejifungia ndani kama sisi, halafu unawatangazia msiba! Njoo Septemba, baada ya mvua za kwanza. Mibuni ikichanua, utawaona."

Nilijua hatakuja. Alikuja.

Kibanja kilikuwa cheupe kwa maua ya kahawa, na harufu yake imeingia mpaka jikoni. Nyuki walivuma hata ikabidi tupaze sauti. Wengine walitua kwenye maua yaliyoinamia kaburi la mama, maana tulimzika hapohapo kati ya mibuni.

Projestus alisogea mpaka kaburini.

"Mama alikuwa ananipigia simu majira haya," alisema. "Ananiambia kahawa imechanua, njoo. Mimi nilidhani anataka mtu wa kupalilia. Nikawa namtafutia kibarua."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Nikayameza.

"Vibarua walikuja," nilimwambia. "Mama aliwapa chai, akawaonyesha nyuki."