Kiti Kisichokaliwa

Nyumbani kwa seremala palikuwa na watu wawili na viti vitatu. Cha tatu kilikaa kichwani mwa meza, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Seremala alikitengeneza siku zile alipotoka hospitali akiwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia.

"Hiki ni cha Mfalme," alimwambia mkewe. "Mungu ameniponya. Kuanzia leo mwenye nyumba ni Yeye, mimi mpangaji tu."

Mkewe alikipenda kiti kile, ingawa kilimtia majaribuni kila alipomaliza kufagia na miguu inamuuma. Hata mchungaji alipokuja kuwatembelea aliambiwa, kwa heshima zote, avute kigoda. Alicheka, akavuta. Lakini mke alijua jambo ambalo mchungaji hakulijua. Katika nyumba hiyo iliyokabidhiwa Mfalme, kulikuwa na jina moja lisilotajwa kamwe: la mdogo wa seremala. Ndiye aliyewasha msumeno wa umeme, pombe kichwani, wakati kaka yake anapangusa vumbi kwenye meno ya msumeno huo. Alipoona damu alitimua mbio, na tangu hapo hakuonekana tena.

"Akikanyaga hapa atatoka amebebwa," seremala alikuwa akisema. Alilisema taratibu, bila kupandisha sauti, na ndiyo maana mkewe aliliogopa.

Jioni moja mvua ilikuwa inapiga bati, chakula kiko mezani. Seremala alikuwa ametoka kunoa patasi, akaiweka kando ya sahani yake, tabia ambayo mkewe alikuwa ameipigia kelele mpaka akachoka. Wakainamisha vichwa. Seremala akaomba ombi lake la kila siku.

"Ee Mfalme, karibu kwenye kiti chako. Utuamuru lolote, nasi tutatii. Amina."

Mlango ukagongwa. Mke akaenda kufungua, akabaki ameshika komeo.

"Shemeji," akasema mtu aliyelowa chapachapa, amekonda mashavu yameingia ndani. Akampita kabla hajazuiwa, akayumba mpaka mezani, akajitupa kwenye kiti pekee kilichokuwa wazi.

"Nisamehe, kaka. Miguu imekwisha. Nimetembea tangu asubuhi."

Mkono wa kushoto wa mumewe, ule mzima, ulikuwa tayari juu ya patasi.

"Umekaa wapi?" seremala akauliza.

"Kitini, kaka."

"Inuka. Hicho ni cha Mfalme. Mchungaji hakukikalia, sembuse wewe."

Mdogo mtu akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Sikujua. Mfalme gani?"

"Mungu."

Akakitazama kiti, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. "Basi na Yeye nimemkosea," akasema. "Kaka, sikuja kukaa. Pombe nimeacha. Kila nikifumba macho naisikia ile mashine. Nifanye utakavyo."

Seremala akasimama. Patasi nayo ikasimama mkononi mwake.

Mke hakujua alifikaje katikati yao.

"Mume wangu, umetoka kuomba sasa hivi."

"Ondoka hapo."

"Umesema atuamuru lolote. Hata hujagusa chakula, mlango umegongwa."

"Nimesema ondoka!"

"Nitaondoka. Lakini ukimtoa huyu, kitoe na kiti hicho, kikalowe naye. Tusimdanganye Mungu kwa mbao."

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumjibu hivyo.

Seremala alikitazama kiti. Alikilinda dhidi ya mchungaji, majirani na paka. Kila jioni alimkaribisha Mfalme mwenyewe aje akae, kisha akashika kijiko. Kumuuliza anataka nini, hakuwahi.

Akaanza kutembea. Mke akafumba macho, akalitaja jina la Yesu. Alichosikia ni mlio wa chuma kikiwekwa mezani, halafu maji.

"Leta mikono," seremala alikuwa akimwambia mdogo wake, jagi liko mkononi.

"Kaka..."

"Leta mikono, chakula kinapoa."

Alimmiminia kwa mkono wa kulia, na mdogo wake akauona kwa mara ya kwanza. Jagi likateleza kati ya vile vidole vitatu. Mdogo mtu akaliwahi kwa chini, akaliinua, na mikono yao ikabaki hapo hapo, imelishika pamoja. Alikuwa analia kwa sauti, kamasi zinamtoka, hana habari.

"Nina hasira na wewe," seremala akasema. "Nina hasira mpaka kwenye mifupa."

"Najua, kaka."

"Siyo mimi niliyekukaribisha. Elewa hivyo."

Akakivuta kiti chake mwenyewe, akamsukumia. Kisha akakileta kile kigoda cha mchungaji, akakiweka pembeni ya kiti cha Mfalme na kuketi, chini kabisa, kidevu kikikaribia kugusa meza.

"Omba," akamwambia mkewe.

"Si umeshaomba?"

"Niliomba kama mwenye nyumba," akasema. "Omba wewe."