Mtende Uliotoka Ndooni

Siku Kuruthumu alipohama Kasulu kwenda kwa mume wake mpya Kibondo, mizigo yake yote ilienea kwenye kigari kimoja: cherehani, godoro, masanduku ya nguo, vyombo vya jikoni, na mtende. Huo mtende ndio uliomtoa dereva jasho. Ulimfika mtu mzima kifuani, una miba mikali kwenye mashina ya makuti, na ndoo ya rangi uliyokaa ndani yake ilikuwa imepasuka ubavuni.

"Na huu nao unaenda?" dereva aliuliza huku akinyonya kidole kilichochomwa.

"Huo upakie kwanza," Kuruthumu alimjibu. "Mimi nitatafuta pa kukaa."

Aliuotesha mwenyewe, kutoka kokwa ya tende aliyofuturia Ramadhani moja baada ya kufiwa na mumewe wa kwanza. Kokwa ikatoa jani moja jembamba kama unyasi, na yeye akalipenda. Tangu hapo alikuwa amehama nyumba za kupanga hata hesabu akaiacha, cherehani mkono huu, ndoo mkono huu. Kila alipoingia uwanja mpya alijiambia kwamba safari hii ataupanda. Lakini uwanja ulikuwa wa mwenye nyumba, na mti huupandi kwenye ardhi ambayo kesho utaambiwa uondoke. Basi mtende ukakulia ndooni. Ulikuwa umeacha kurefuka, na mizizi yake ilichungulia kwenye ule ufa kama vidole.

Nurudini, mwenye duka la misumari na mabati karibu na stendi ya Kibondo, alikuwa mjane kama yeye. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni ile alipousaidia mtende kushuka, alinyoosha mkono akauzungusha kuonyesha uwanja mzima.

"Chagua popote utakapo," alisema. "Hapa ni kwako."

Kuruthumu hakulala vizuri kwa furaha. Asubuhi aliuzunguka uwanja akitafuta, akachagua nyuma ya jiko, mahali palipoota magugu lakini udongo wake mweusi na laini, jua linafika, na maji ya mvua hayatuami. Alipomwonyesha mumewe, Nurudini aliyatazama magugu yale.

"Hapa?"

"Kuna ubaya?"

"Hapana," alisema. "Panda tu."

Aliyekuja kumsaidia alikuwa jirani, Esteri Manirambona, mama wa Kirundi aliyezaliwa kambi ya wakimbizi na sasa ni raia, mkulima ambaye mikono yake haikujua kukaa bure. Kuruthumu alikuwa ameshauloweka mzizi wote tangu jana yake, ndoo ndani ya karai la maji, mpaka mapovu yakaisha. Esteri akaipasua ndoo kwa panga, taratibu, akaivua kama mtu anavyomvua mgonjwa nguo.

"Mana yanje!" alisema, akimwita Mungu wake kwa Kirundi.

Udongo ulikuwa haba sana. Iliyokuwamo ilikuwa mizizi tu, imezunguka na kuzunguka, imejisokota ikachukua umbo la ndoo mpaka na mkunjo wa chini. Kuruthumu alijisikia vibaya, kama mama aliyegundua kwamba viatu vya mwanawe vimembana siku zote na mtoto hakusema.

"Tuikate?" aliuliza.

"Oya, oya, usikate. Mti wa namna hii ukiukata mizizi sana, unanuna. Tunaifungua kwa vidole. Buhorobuhoro, polepole."

Wakakaa chini kwenye mkeka mkuukuu, mmoja upande huu, mmoja upande huu, wakaifungua mizizi ya nje mmoja mmoja na kuinyoosha, wakakata tu ile iliyokuwa myeusi na kuoza. Shimo walilichimba pana kuliko refu, ili mizizi ipate udongo laini wa kutambaa. Waliusimamisha mtende kimo kilekile ulichokuwa nacho ndooni, moyo wake ukabaki juu ya ardhi, wakarudisha udongo uleule na kuushindilia kwa viganja. Kuzunguka shina wakainua kingo za udongo kama za sahani ili maji yasikimbie. Wakatandaza nyasi kavu, lakini mbali na shina, maana mchwa wa Kibondo hawasubiri kualikwa. Upande wa jua la mchana Esteri alisimika vijiti na kuvifunika kwa majani ya mgomba.

"Sasa usiusumbue," alisema. "Maji tu. Mbolea baadaye, ukishaona kuti jipya."

Mvua za Novemba ziliendelea vizuri. Hata hivyo makuti ya chini yalianza kugeuka njano, moja baada ya jingine, na lile kuti changa la katikati lililojifumba kama mkuki halikusogea hata kidogo. Kuruthumu alilitazama kila alipokwenda jikoni. Alfajiri moja alimkuta Nurudini pale na ndoo ya samadi ya mbuzi, mbichi, inatoa mvuke.

"Baba Firdausi! Unaunguza mizizi!"

"Nimeona unasononeka," alisema, akaiweka ndoo chini kama aliyefumaniwa. "Nikasema niuamshe."

Kuruthumu alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuna mtu aliyewahi kujaribu kumwondolea huzuni kwa samadi.

Kisha akaja Firdausi. Huyu alikuwa binti pekee wa Nurudini, ameolewa hapohapo mjini, na akina bibi harusi wa Kibondo wote mikono yao ilipita kwake kupakwa hina na piko. Hakuwa mkorofi. Alimwamkia Kuruthumu shikamoo kwa heshima, akamwita Bi Kuruthumu, akala kidogo, akaondoka mapema. Siku ile alipitia nyuma ya jiko kwenda kunawa, na aliporudi uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Baba," alisema, "ule ni mtende?"

"Ni mtende, mwanangu."

"Kwenye bustani ya mama."

Firdausi alijitanda mtandio wake vizuri, akaaga, akatoka.

Kuruthumu alikaa na sufuria mkononi. "Bustani ya mama?"

"Shamsi alikuwa akilima mchicha pale," Nurudini alisema polepole. "Tangu afariki hatukupagusa. Pakaota magugu."

"Na mimi nikakuuliza kama kuna ubaya!"

"Nilikwambia uchague popote. Ningekwambia popote isipokuwa pale, ungejisikia mgeni."

Alikuwa amekusudia wema, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwa sababu hasira ilikosa pa kushika. Kesho yake alichukua jembe akaenda kuung'oa. Esteri alimwona kupitia ua wa miti, akapita mbio.

"Ukiuhamisha sasa, umeuua. Ndio kwanza unatafuta pa kushika."

"Nimepanda juu ya kumbukumbu za mtu, Esteri."

"Basi kaseme na mwenye kumbukumbu. Mtende haujui kitu."

Kuruthumu aliliacha jembe, akavaa baibui akaenda kwa Firdausi. Alimkuta akikoroga hina. Hakuzunguka.

"Mwanangu, sikujua. Ningejua, ningechagua kwingine. Sasa ukisema niuondoe, nitauondoa, hata mtende ukifa."

Firdausi aliendelea kukoroga. Hina ilikuwa imekwisha lainika zamani.

"Si kosa lako, Bi Kuruthumu," alisema mwishowe. "Acha tu."

Lakini "acha tu" ya namna ile haimpi mtu usingizi. Kuruthumu alirudi nyumbani na moyo mzito, akaumwagilia mtende jioni ile bila hata kulitazama kuti la katikati.

Januari mvua zilikata, kama zinavyofanya katikati ya msimu, na ardhi ikaanza kupasuka. Ndipo simu ikaja kutoka Kasulu: mdogo wake Kuruthumu, Asmahani, ameteleza kisimani na kuvunjika mguu. Kuruthumu aliondoka na gari la kwanza. Alidhani atakaa kidogo tu, lakini Asmahani alikuwa na watoto wadogo, mumewe yuko shambani Kagerankanda, na mguu wa kuvunjika haufuati matakwa ya mtu. Nurudini alivumilia, kisha akafunga duka akaenda kumwona mkewe.

Alipomwona tu mlangoni, Kuruthumu alishika kiuno.

"Na mtende?"

"Nilimwachia Esteri."

Kuruthumu akampigia Esteri. Esteri alikuwa Mabamba, kwa mama yake, anavuna maharage. Alikuwa ameitwa ghafla, akadhani Nurudini bado yupo.

Jua la siku zile lilikuwa kali hata Kasulu kuku walishinda chini ya vitanda. Kuruthumu hakusema tena habari ya mtende. Alimwosha mdogo wake, akapika, akashona nguo za shule za watoto, na moyoni akauaga. Miaka yote ile ndooni haukufa, alifikiri, umekuja kufia ardhini.

Asmahani alipoanza kutembea kwa magongo, Kuruthumu na mumewe wakarudi Kibondo. Kuruthumu alishuka garini akapitiliza nyuma ya jiko moja kwa moja ili aone na kumaliza. Akasimama.

Ile sahani ya udongo chini ya mtende ilikuwa imelowa. Kingo zake zilikuwa zimekandikwa upya. Majani ya mgomba yaliyokauka yalikuwa yameondolewa na mabichi kufungwa mahali pake. Na kuzunguka sahani yote, mahali walipogeuza udongo kwa majembe, ulikuwa umeota mchicha. Si mmoja wala miwili. Mchicha mwekundu wa majani mapana, umejaa kama zulia.

Firdausi alitoka jikoni na kopo la maji.

"Shikamoo," alisema. Kisha, kana kwamba mtu amemsukuma kwa nyuma, akaendelea kwa haraka. "Nilikuja kuangalia kama mlango umefungwa. Nikaona vijimiche kati ya magugu. Ni mchicha wa mama. Mbegu aliileta kutoka kwao, Muyama. Niliutafuta kila mahali baada ya yeye kufariki, sikuupata hata punje. Kumbe ulikuwa umelala humo chini miaka yote! Nyie mlipochimba, mkauamsha."

Nurudini aliinama, akachuma jani moja akalitazama pande zote mbili. Alilishika tu.

"Nikaona ukikosa maji utakauka," Firdausi alisema. "Na huwezi kumwagilia mchicha ukauruka mtende uliosimama katikati yake, ni roho mbaya. Halafu njoo uone, mama mdogo."

Kuruthumu alilisikia neno hilo, akajifanya hakulisikia, akamfuata.

Kwenye lile kuti lililojifumba palikuwa na nukta nyeusi. "Nililitia piko," Firdausi alisema. "Usawa wa ncha ya hili kuti jirani, nijue kama unaishi au nahangaika bure. Sasa tazama."

Nukta ilikuwa imepanda juu ya ncha kwa upana wa vidole vitatu. Na juu kabisa, mkuki wenyewe ulikuwa umeanza kuachana, majani mawili matatu membamba yamejitenga, ya kijani kibichi cha kung'aa.

Kuruthumu alichuchumaa pale chini, na vazi lake la safari, akalia kidogo. Firdausi alichuchumaa karibu naye. Hawakukumbatiana, hawakuwa wamefika huko. Firdausi alianza kung'oa miche iliyoota ndani kabisa ya sahani, karibu na shina.

"Hii inanyang'anya maji," alisema. "Ya nje tuiache."

"Ya nje tuiache," Kuruthumu alikubali. "Na ile mikubwa ikikomaa tuifunge kitambaa, tukusanye mbegu."

Wakafanya kazi mpaka Nurudini, aliyetaka kusaidia, akaingiza mkono kati ya makuti bila kufikiri na kupiga ukelele. Firdausi aliutoa ule mwiba kwa ncha ya pini ya mtandio akimcheka baba yake, na ilikuwa mara ya kwanza Kuruthumu kuona kwamba binti yule alikuwa na mwanya.

Mvua zilirudi Februari. Kuti lilifunguka lote, na jingine likachomoza nyuma yake. Esteri aliporudi kutoka Mabamba na gunia la maharage, alizunguka mtende mara mbili akiwa ameshika kidevu, akasema vijiti vya kivuli vinaweza kuondoka sasa, na samadi iliyokauka vizuri inaweza kuja, kidogo, mbali na shina.

"Mtende utazaa?" Esteri alimwuliza Kuruthumu.

"Sijui hata kama ni dume au jike. Na mvua hizi zenu, hata ukizaa, tende zitaoza kabla ya kuiva."

"Sasa wa nini?"

Kuruthumu alifikiri. Kutoka jikoni ilikuja sauti ya Firdausi akimwuliza baba yake chumvi iko wapi, na Nurudini akijibu kwamba hata yeye hajui siku hizi vitu vinakaa wapi, amwulize mama yake mdogo.

"Kopo la bluu!" Kuruthumu alipaza sauti, akamshika Esteri mkono. "Twende ndani. Chakula kinaiva."